Uzi Katika Jicho la Panya

Simu ilikatika kabla sijajibu. "Mama, nimemwambia," alisema binti yangu, kwa sauti ya mtu anayejizuia asilie. "Amechukua panya wawili, ameingia nao chumba cha picha, amefunga mlango. Mimi niko nje kwenye benchi. Sijui kama kesho nina kazi. Msinisubiri, kuleni." Nilipompigia tena nikaambiwa hapatikani.

Kuleni! Nani angekula? Nilifunika chakula, nikakifunua kuona kama kimepoa, nikakifunika tena. Baba yake alikuwa amekaa sakafuni na gurudumu la mteja, anakaza spoku. Yeye ni fundi baiskeli, na akiwa na wasiwasi huleta kazi nyumbani ili mikono isikae bure.

"Kwa hiyo amesema," aliniambia bila kuinua kichwa.

"Amesema. Na mkubwa wake amejifungia ndani."

"Amejifungia ndani si vibaya. Vibaya ni angemfungia yeye nje."

"Si ndicho alichofanya? Mtoto yuko nje kwenye benchi!"

Akalizungusha gurudumu, akalisikiliza. "Basi leo hatulali," alisema. Muda si mrefu alikuwa anakoroma, spana mkononi. Mimi nikabaki na taa, na sahani ya binti yangu iliyofunikwa, na mawazo yangu yote, ambayo hayajawahi kuhitaji msaada ili yazidi.

Ili nieleweke, lazima nimweleze huyu mtoto wangu kwanza.

Tangu utotoni tulimwita Taratibu. Ukimtuma chumvi jikoni, alikuja ameshika kopo kwa mikono miwili kama amebeba moto. Majirani walisema ukimtuma dukani kununua kitu cha mchana, andaa chakula cha jioni. Mwalimu wake aliniita shuleni akaniambia mtoto hana tatizo la akili, ila mtihani unakwisha yeye bado anachonga penseli. Nilimpigia kelele sana kwa ajili hiyo. Haikusaidia. Alikuwa ananitazama kwa upole mpaka nimalize, kisha anaendelea na alichokuwa akikifanya, kwa mwendo ule ule.

Alipomaliza shule akapata kazi studio, ile ya picha za pasipoti. Mwenye studio alikuwa mtu wa haraka, lakini watoto wachanga wote alimwachia yeye. Mnajua mtoto mchanga akipigwa picha ya pasipoti haruhusiwi kulia, haruhusiwi kufumba macho, wala mkono wa mama usionekane. Taratibu alikuwa anakaa na kamera yake, anaimba mdomo umefumbwa, anangoja. Mtoto analia, anachoka, anashangaa, mwishowe anageuka kumtazama huyu mtu ambaye hamlazimishi kitu. Hapo ndipo anabonyeza. Mara moja tu.

Kisha watu wakaanza kujipiga picha kwa simu zao, studio ikafungwa. Alikaa nyumbani muda mrefu, mpaka akasikia maabara ya utafiti wa macho inataka mtu wa kuosha masanduku ya panya. Nililia. Jirani yangu mshonaji alikuja kunifariji kwa namna yake. "Shoga," alisema, "sisi tunanunua sumu, wewe mwanao anakwenda kuwatandikia vitanda."

"Anawaoshea nyumba," nikamwambia. "Vitanda bado."

Sikujua kwamba vitanda navyo vilikuwa njiani.

Mkuu wa maabara ile ni daktari wa macho, mtu mrefu, mwenye maneno machache. Siku moja mpiga picha wake alihama, daktari akaja kwenye chumba cha kuoshea masanduku akauliza kama kuna aliyewahi kushika kamera. Taratibu akainua mkono kwa mwendo wake wa kawaida, wenzake wakadhani anajikuna. Daktari akangoja mpaka mkono ulipofika juu. Ndivyo alivyoingia chumba cha picha, kwa majaribio, na baba yake akawatangazia wateja wote kwamba binti yake sasa anapiga pasipoti za panya.

Kazi yenyewe nimeelezwa mara nyingi, na niliyoelewa ni haya. Nyuma ya jicho, ndani kabisa, kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga. Wenyewe wanaiita retina. Ikiharibika, mtu anapofuka hata kama jicho kwa nje ni zima. Panya wale wanaumwa ugonjwa unaofanana na wa watu, mishipa midogo ya damu ya pale nyuma inakufa mmoja mmoja, na wanapewa dawa kuona kama inasaidia. Sasa utajuaje kama imesaidia? Zamani ilibidi panya auawe, jicho litolewe, likatwe vipande vyembamba, liangaliwe. Kila walipotaka kuangalia, kundi zima lilikwenda. Lakini picha ikiwa safi, panya yule yule anatazamwa leo, anatazamwa tena mwezi ujao, na katikati anarudi kwenye sanduku lake kula.

Ila jicho la panya ni dogo kama punje ya pilipili manga. Humpigi picha akiwa anakimbia. Anachomwa dawa ya usingizi, anatiwa tone la kupanua mboni, anapakwa jeli jicho lisikauke, kisha lenzi inasogezwa mpaka iguse ile jeli. Siku ya ndugu kutembelea kazini alinionyesha picha moja kwenye kioo cha kompyuta. Duara jekundu, doa jeupe katikati, na mishipa inatoka kwenye lile doa kwenda pande zote.

"Spoku!" baba yake alipiga kelele. "Huyu panya ana gurudumu kichwani!"

Daktari alikuwa nyuma yetu. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini alisema, "Ndiyo. Na zingine zimekatika," akaondoka zake.

Shida ya picha hizo ilikuwa ukungu. Taratibu alirudi jioni moja, akakaa bila kuvua viatu.

"Mama, nikimlaza tu, jicho linaanza kuwa jeupe. Nikifika picha ya tatu sioni kitu. Daktari anasema hali ikiwa hivi tutarudi njia ya zamani."

"Wana ugonjwa mwingine?"

"Hawana. Ni baridi. Panya akilala kwa dawa mwili unapoa, na akipoa, lenzi ya jicho lake inaingia ukungu. Akipata joto inasafika tena, lakini dawa ya usingizi nayo inakuwa inakwisha. Chini nimemwekea pedi ya joto. Mgongo ndio uko wazi."

"Si umfunike?"

"Kwa kitu gani? Karatasi inateleza. Kitambaa cha hospitali ni chepesi."

"Mshoneeni koti," baba yake alisema, na kama kawaida yake hakutegemea mtu amsikilize.

Taratibu akaenda chumbani kwangu, nikasikia sanduku langu la nguo linafunguliwa. Alirudi na blanketi lake la uchanga, la rangi ya waridi, lile nililomfungia siku tulipotoka naye hospitali akiwa na uzito wa kuku. Lilikuwa limechakaa lakini laini mpaka basi.

"Hilo hapana," nikasema.

"Kona moja tu, mama."

"Nililitunzia mwanao."

"Mwanangu hajaja. Hawa wapo, na wanasikia baridi."

Kona moja ikawa mbili, mbili ikawa nusu ya blanketi. Nilishona mimi mwenyewe, vifuko vya unene wa kidole gumba changu, vyenye mdomo wa mpira laini. Panya anaingizwa kwa nyuma, kinabaki kichwa tu nje. Aliviosha, akampelekea daktari. Daktari alikigeuza kimoja huku na huku, akauliza kama kinaweza kuvumilia mashine ya mvuke inayoua vijidudu. Kikavumilia. Toka siku hiyo ukungu ulipungua sana. Alikuwa anamaliza picha zote za jicho, kushoto na kulia, panya bado ana joto, kisha anamshika kwenye viganja mpaka aamke. Aliniambia wakiamka huanza kutikisa masharubu kabla ya kitu kingine chochote. Alivyokuwa akinisimulia, nilimwona anatabasamu mpaka masikioni, naye si mtu wa meno nje.

Halafu ukaja ule mshipa.

Kwenye picha za panya waliopewa dawa mpya, Taratibu aliona mstari mwembamba uliopinda, mahali ambapo mwezi uliopita hapakuwa na kitu. Alipomwonyesha daktari, mtu yule akainama kwenye kioo kwa muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji. Dawa imeotesha mshipa! Alimwita Taratibu "binti yangu" kwa mara ya kwanza. Mstari ukaonekana kwa panya wa pili, na wa nne. Sasa alikuwa anapita koridoni mbio, mtu mzima yule, shati limetoka nje. Akaalika wageni waje wazione picha, watu wakubwa wanaoweza kuamua dawa ile isogee mbele. Na Taratibu akaambiwa majaribio yake yamekaribia kwisha, wageni wakishaondoka atathibitishwa kazini.

Nilifurahi kwa moyo wote. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia jirani.

Ilikuwa juzi, siku mbili kabla ya wageni, jeli ilipokauka mapema kwenye jicho la panya mmoja. Taratibu akaifuta, akapaka nyingine, akapiga tena jicho lile lile. Mshipa haukuwepo. Akadhani amekosea upande. Akapiga tena. Hakuna. Mshipa wa damu hauondoki kwa kufutwa.

Alikuja nyumbani na kifuko kimoja mfukoni, akakishika chini ya balbu, akakigonga kwa kidole. Nikaona manyoya membamba yanaelea kwenye mwanga, mengine huwezi kuyaona mpaka yageuke. Kila kilipopita kwenye mvuke, blanketi lilikuwa linapukutika zaidi. Unyoya mmoja unashuka, unanasa kwenye jeli, unakaa mbele ya lenzi umepinda vizuri, na kwenye picha unatoa mstari kama mshipa.

Kwa panya wasiopewa dawa alikuwa anatumia vifuko pia, lakini hivyo vilikuwa vile vya mwanzo, kutoka ukingo wa blanketi ambao haukuwa umechakaa. Haikuwa imempitia akilini kwamba inaleta tofauti.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

"Nitamwambia."

"Mwanangu, ngoja wageni waondoke. Akishakuthibitisha, umwambie polepole. Wewe si ndiye Taratibu?"

Akanitazama kwa ule upole wake wa kungoja nimalize. "Mama, wakiondoka wanaamini, kuna watu watapewa matumaini kwa sababu ya blanketi langu."

Baba yake akakohoa. "Basi umwambie akiwa ameshiba," alisema.

Kutwa nzima ya jana daktari hakushikika. Alikuwa anapanga viti, anapokea simu. Taratibu alimpata jioni, wafanyakazi wengine wameshaondoka. Mengine ndiyo yale aliyoniambia kwenye simu kabla haijazimika.

Asubuhi nilichemsha chai, nikaitia kwenye chupa, nikachukua na mkate. Baba yake alitaka kunipeleka kwa baiskeli, nikakataa, mwendo wake barabarani unaniongezea presha. Nilikwenda kwa miguu, karibu nikimbie.

Mlinzi wa getini alinitazama kuanzia viatu mpaka chupa ya chai.

"Mama, leo kuna ugeni. Huwezi kuingia."

"Namtafuta mwanangu. Taratibu."

"Yule wa panya? Yuko ndani. Nimekesha hapa, sijamwona akitoka."

"Alikuwa analia?"

"Mama, mimi nalinda geti, silindi machozi ya watu." Kisha sijui aliona nini usoni kwangu, maana aliliegemea geti likafunguka kidogo. "Pita. Korido ya kushoto. Ukiulizwa, mimi nilikuwa chooni."

Korido ilikuwa inanukia dawa ya sakafu na vumbi la mbao. Benchi nililiona kwa mbali. Sweta lake lilikuwa juu yake, limekunjwa vizuri. Yeye hakuwepo. Mbele ya benchi kulikuwa na mlango wa kijivu wenye kidirisha kilichobandikwa karatasi nyeusi kwa ndani. Niliweka sikio pale. Sikusikia kitu. Niliinama kuangalia chini ya mlango, hakuna mwanga.

Mama akikuta sweta bila mtoto, hakuna anachoacha kuwaza. Niliwaza amefukuzwa, ametoka kwa mlango wa nyuma, anatembea mjini bila sweta kwa aibu ya kurudi nyumbani. Niliwaza hata yasiyoandikika. Nikakaa, nikalipakata lile sweta.

Mara nikasikia viatu. Daktari alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, uso umelowa maji, ndevu zimechomoza, shati ni la jana. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima njiani, yote yakapotea.

"Daktari, mmemfukuza?"

Alishtuka. Kisha akanitambua, nadhani kwa sababu ya mzee wa spoku. "Nani kasema?"

"Alikuwa hapa nje. Hayupo."

"Yuko ndani, mama. Anapiga picha."

Nikakaa. Akabaki amesimama, anapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Jana nilikasirika," alisema. "Nisikufiche. Niliingia humo nikiwa nataka kumwonyesha kwamba amekosea. Nikamfuta panya wa kwanza jicho, nikapiga. Nikamfuta wa pili. Miaka yote hii nangoja kuona mshipa unarudi. Ukingoja kitu muda mrefu hivyo, unakiona."

Nilimwonea huruma, mtu mrefu vile na shati limekunjamana. "Blanketi lilikuwa langu," nikasema. "Nilishona mimi."

"Alinieleza. Alinieleza na siku uliyomtoa nalo hospitali." Karibu acheke. "Nilitoka nikamkuta hapo hapo ulipokaa. Nikamwambia, tuwarudie wote, kila panya, jeli safi. Mimi nawashika kwenye joto, wewe unapiga. Usiku kucha tumefanya hivyo. Sasa hivi nimetoka kuwapigia wageni simu, nimewaambia mshipa hakuna."

"Wamesema nini?"

"Wengine hawaji tena."

"Na mwanangu?" Nilijua si adabu kuuliza hilo wakati ule, lakini ndilo nililolijia. "Atabaki?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu kigumu. Akaugeukia mlango, akashika kitasa. Kisha akakiachia. Akagonga kwa kidole kimoja, polepole, mlango wa chumba kilichomo ndani ya maabara yake mwenyewe.

"Bado!" Ilikuwa sauti ya Taratibu, imekauka kwa uchovu, haina haraka yoyote. "Usifungue, daktari, baridi itaingia. Huyu ndiye wa mwisho."

"Jicho lipi?"

"La kushoto. Likiwa safi nitakuambia."

"Haya," daktari alisema. "Mama yako yuko hapa."

"Amekuja na chai?"

"Amekuja na chai."

"Mwambie angoje."

Daktari akaniangalia, akainua mabega. "Umesikia," alisema. "Chumba ni chake. Ameshazoea kutuamuru." Akakaa kwenye benchi kando yangu, miguu yake mirefu ikajaa korido nzima, akaegemeza kichwa ukutani.

Nikafungua chupa nikammiminia chai kwenye kifuniko chake. Akaipokea kwa mikono miwili. Tulikaa vile, tukiutazama mlango, nao ukabaki umefungwa.